Bi Doa na Mdaku wa Tangi la Samaki

Jina la Bi Doa hakupewa na wazazi wake. Alilichuma mwenyewe kazini. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa mfanya usafi wa kliniki ya meno iliyokuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, na katika miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kuingia chumba alichokipita yeye akamwonyesha uchafu. Yeye ndiye aliyewaonyesha wenzake. Alikuwa akisimama mlangoni, ufagio mkononi, anainamisha kichwa kidogo kama kuku aliyeona punje, kisha anasema, "Doa." Watu wakitazama hawaoni kitu. Anatembea hatua sita, anainama, anafuta, anainua kitambaa juu. Kweli, doa.

Mumewe, fundi cherehani aliyestaafu, alipenda kuwasimulia wageni kwamba siku alipokwenda kuposa, binti wa watu alimtazama kuanzia juu mpaka chini, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa, "Kola." Alirudi nyumbani, akafua kola, akaenda tena wiki iliyofuata. Watoto wao wanne walikua wakijua kwamba mama hapigi mtu. Anamtazama tu sikio lake, na mtoto mwenyewe anakimbilia bafuni.

Katika chumba cha kusubiria cha kliniki hiyo palikuwa na tangi la samaki wa maji ya chumvi. Lililetwa na daktari mzee, mwenye kliniki, ili watu waliokuja kung'olewa meno wapate kitu cha kutazama badala ya kutazama mlango wa kutokea. Aliposhikwa na uzee akamwachia binti yake vyote: kiti cha wagonjwa, mashine, tangi, na Bi Doa. Binti alikuwa amekulia pale pale, akifanya kazi zake za shule chini ya kaunta ya mapokezi, na ingawa sasa alikuwa daktari kamili mwenye koti jeupe, bado alimwita Bi Doa "Shangazi" na bado alificha mikono yake akijua kucha ni chafu.

Tangi lilikuwa na wakazi wanne. Wawili walikuwa vijisamaki vya rangi ya chungwa vyenye mistari myeupe, ambavyo Bi Doa aliviita Maharusi kwa kuwa vilishinda vikigombana na havikuachana hata dakika. Wa tatu alikuwa kamba mdogo mwenye mstari mwekundu mgongoni, ambaye kazi yake duniani ni kuwasafisha samaki wenzake, akiwadonoa mabaki mwilini. Kamba huyo ndiye kiumbe pekee katika jengo zima ambaye Bi Doa alimheshimu kikazi. Wa nne alikuwa samaki bapa wa rangi ya njano, mpana kama kiganja. Huyo alimwita Mzee.

Mzee alikuwa habari nyingine. Mwaka aliofiwa na mama yake, Bi Doa alirudi kazini siku ya tano, na watu wakampa pole mpaka pole zenyewe zikamchosha. Akapiga magoti kusafisha kioo cha tangi ili asimwone mtu. Mzee akaja mpaka kwenye kidole chake, akasimama pale upande wa pili wa kioo, na kidole kilipokwenda naye akaenda, hadi kioo chote kikaisha. Bi Doa alilia vizuri siku hiyo, bila kuulizwa kitu. Tangu hapo alipofika asubuhi alimsalimu Mzee kwanza, binadamu baadaye.

Basi siku moja Daktari alimwita pembeni.

"Shangazi, jana mgonjwa kaniuliza kama yale maji ya tangini ndiyo tunayowapa wasukutulie."

"Mwambie aje aniulize mimi."

"Lakini kasema kweli. Maji yamekuwa ya njano. Mzee mwenyewe haonekani tena, kafanana nayo." Daktari alishusha sauti. "Nimenunua mashine ya kusafisha. Tuipe mwezi mmoja. Mwezi ukiisha na maji hayajatakata, nawaita watu wa hoteli moja yenye tangi kubwa waje wawachukue samaki wakae nao. Pale naweka televisheni."

Bi Doa akarudi kwenye ufagio wake, jambo lililomtia Daktari wasiwasi zaidi kuliko kama angebisha. Alikuwa anaifikiria televisheni. Alifikiri juu ya kuingia asubuhi, kupiga magoti mbele yake kufuta vumbi, na kuona uso wake mwenyewe katika kioo cheusi, basi.

Mashine ililetwa Jumatatu na fundi wa matangi, mwanamume mrefu mwembamba aliyezungumza polepole mpaka mtu akatamani kumsaidia kumaliza sentensi. Aliiita skima. Ilikuwa bomba la plastiki angavu, nene kama paja, lenye shingo nyembamba kwa juu, na juu ya shingo kikombe chenye kifuniko. Chini palikuwa na pampu ndogo. Fundi akaining'iniza ubavuni mwa tangi, akachomeka waya, na mara bomba likajaa vipovu vidogo vidogo hata likawa jeupe kama maziwa.

"Kazi yake kukusanya uchafu, mama," alisema. "Kinyesi cha samaki, chakula kilichobaki, utelezi utelezi. Umeyeyuka majini, kwa macho hauuoni. Vipovu vikipanda, uchafu unavidandia. Unapanda navyo shingoni, unamwagikia kikombeni. Basi."

"Uchafu upi?" aliuliza Bi Doa.

"Uliomo tangini."

"Tangi lipi?"

Fundi akatazama huku na huku, kwa kuwa tangi lilikuwa moja tu. Kisha akaona afadhali aendelee. Akamwonyesha skrubu ya plastiki iliyokuwa chini, mahali maji yanapotokea kurudi tangini.

"Hii ndiyo roho yake. Ukiikaza, maji yanapanda ndani ya bomba, na povu linapanda. Ukiilegeza, yanashuka, na povu linashuka. Sisi tunataka povu lisimame hapa, shingo inapoanzia, halafu lijipandie lenyewe taratibu. Mashine mpya ina ukaidi wiki za mwanzo. Ukiigusa, igeuze unywele mmoja tu, halafu iache siku nzima uone. Usiigombeze."

"Mimi sigombezi mashine," alisema Bi Doa. Huo ulikuwa uongo. Aliwahi kununa na feni wiki nzima.

"Na kikombe suuza kwa maji matupu. Sabuni, hata tone, hapana."

Bi Doa alisikia yote isipokuwa hilo la mwisho. Masikio yake hayakuumbwa kupokea maneno ya namna hiyo.

Kesho yake asubuhi kikombe kilikuwa na vidole viwili vya maji ya rangi ya chai iliyochemka kupita kiasi, na kifuniko kilipofunguliwa ikatoka harufu iliyomfanya mgonjwa mmoja aliyevimba shavu ahame viti viwili. Dada wa mapokezi akaja mbio, akaziba pua, akachungulia.

"Shangazi! Haya yote yalikuwa ndani ya tangi? Hili hili unalolisafisha wewe?"

Dada wa mapokezi hakuwa na nia mbaya hata kidogo, ndiyo maana ikauma zaidi. Bi Doa alihisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye kilemba. Miaka ishirini na mbili hakuna aliyemwona na doa, leo kimashine cha plastiki, ambacho hata siku mbili hakijamaliza, kimemwanika mbele ya watu, tena watu wenye mashavu yaliyovimba. Pale pale akakipa jina. Mdaku.

Akakichukua kikombe mpaka chumba cha kufulia. Akakitia sabuni ya vyombo. Akakisugua ndani, nje, na kwenye mkunjo wa kifuniko kwa mswaki wa zamani, akakisuuza mara tatu, akakikausha kwa kitambaa, akakirudisha kiking'aa hata mtu angeweza kukinywea maji. Kisha akaenda kupiga deki ngazi.

Ilipofika saa tatu na nusu, Mdaku alipandwa na wazimu. Povu liliruka shingo bila kusimama, likajaza kikombe, likainua kifuniko, likaanza kushuka ukutani. Mtu wa kwanza kuliona alikuwa mgonjwa aliyekuwa ametoka kuchomwa sindano ya ganzi. Akainuka, akanyoosha kidole, akasema "Ofu! Ofu!" huku mate yakimtoka upande mmoja. Dada wa mapokezi, kwa huruma, akampa karatasi ya kujifutia. Akaikataa, akanyoosha kidole tena. Akampa mbili. Dada alipogeuka hatimaye kutazama, maji ya chumvi yalikuwa yameshafika chini ya kiti cha tatu.

Bi Doa alichomoa waya, akampigia fundi simu, huku mkono mwingine ukipiga deki.

"Umeoshea nini kikombe, mama?" aliuliza fundi.

"Maji."

"Maji na nini?"

"Na mikono."

"Mama."

"Na kitambaa."

"Mama..."

"Na kitone."

Fundi alishusha pumzi. Akamwagiza akisuuze kikombe mpaka achoke, abadilishe ndoo mbili za maji ya tangi kwa yale ya chumvi yaliyokuwa yamehifadhiwa, halafu ailegeze skrubu mpaka povu litulie. Baada ya hapo, kila siku aikaze unywele mmoja mpaka kikombe kianze kupata kitu.

Sehemu ya kwanza ya maagizo Bi Doa aliifuata neno kwa neno. Sehemu ya pili ilikutana na jambo ambalo fundi hakulitarajia: kesho yake asubuhi kikombe kilikuwa kikavu. Hakina tone. Kinang'aa. Bi Doa akakishika, akakigeuza kwenye mwanga, akanusa. Hakuna kitu. Mdaku amenyamaza. Sasa mtu mwenye akili zake timamu aende akakaze skrubu ili alete uchafu? Huko ndiko kujipalia makaa. Akailegeza kidogo zaidi, kwa usalama.

Kuanzia siku hiyo alimwita Daktari kila asubuhi.

"Njoo uone kikombe."

"Kikavu?"

"Kikavu!"

"Basi tangi limetakata, Shangazi!"

Daktari alilijua kila jino la binadamu kwa jina lake, lakini kuhusu samaki alichojua ni kwamba hawaweki miadi. Alifurahi kwelikweli. Na fundi alipopiga simu wiki ya pili kuulizia hali, Bi Doa alimjibu kwa sauti ya ushindi.

"Imemaliza."

"Imemaliza nini, mama?"

"Kazi."

"Mama, hiyo kazi haimalizwi."

"Kwako labda," alisema Bi Doa, akakata.

Lakini maji hayakujua kama kazi imekwisha. Yalizidi kuwa ya njano. Utelezi wa kijani ukaota kwenye kioo. Bi Doa akausugua asubuhi, ukarudi jioni. Kamba akajificha chini ya jiwe, hasafishi mtu. Maharusi wakaacha kugombana, na aliyewajua aliona hiyo ni dalili mbaya. Mzee akapauka, akasimama kwenye kona ya nyuma, na kidole kilipokuja kwenye kioo hakukifuata. Bi Doa akamtilia chakula zaidi ili kumbembeleza. Hakula. Chakula kikazama, kikalala kwenye mchanga, kikaoza. Akatia kingine.

Aliogopa. Alikuwa ameuguza watu maishani mwake, na alijua mgonjwa anayekuacha anavyotazama. Usiku alikuwa akiamka kufuta meza iliyokuwa safi.

"Kile kikombe kinasemaje?" mumewe alimwuliza siku moja wakati wa kula.

"Kikavu."

"Na samaki?"

"Wagonjwa."

Mumewe akatafuna, akafikiri. "Mimi cherehani ikikaa kimya na nguo haijashonwa, sikuwahi kusema imemaliza kazi."

"Inua viwiko nifute," alisema Bi Doa.

Jumatatu ya wiki ya nne Daktari alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma. Alitazama kikombe kinachong'aa, alitazama maji, na hakuelewa. Kikombe kilikuwa kama balozi wa nchi mbovu: suti safi, nyumbani kumeoza. "Shangazi, tumejitahidi," alisema mwishowe. "Mashine inaonyesha hakuna uchafu, lakini samaki wanakufa tukiwaangalia. Nimewapigia wale wa hoteli. Watakuja Jumamosi asubuhi." Bi Doa akaitikia kwa kichwa, akaingia chumba cha kufulia, akafunga mlango, akafungua bomba ili asisikike.

Jumanne alikuwa kwenye sinki la pamoja lililo mwisho wa ngazi, akisuuza matambara yake bila raha, pale mfanya usafi mpya wa ofisi ya mawakili ya ghorofa ya pili aliposhuka na ndoo yake akipiga mluzi. Akaimwaga. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe pe. Bi Doa, hata katika majonzi yake, hakuweza kuliacha hilo lipite.

"Umepiga deki wapi wewe?"

"Ofisi yote, mama. Vyumba vinne na korido."

"Vyumba vinne, maji meupe hivi?"

"Kwangu kusafi!" alisema yule bwana kwa furaha.

"Kwako kusafi! Sikiliza, mwanangu. Mimi naifanya kazi hii tangu wewe hujaota meno. Deki isiyochafua ndoo haijasafisha kitu! Uchafu hauna mabawa ukaruka dirishani. Kama haumo ndooni, basi uko pale pale sakafuni, umeulowesha tu ukaupaka vizuri! Mtu nikitaka kumjua sitazami sakafu yake, natazama ndoo. Ndoo ikiwa nyeupe, hiyo ni ndoo ya mvi..."

Hapo sauti ikamkatika. Mdomo ulibaki wazi. Macho yalimtoka pima.

Yule bwana akasubiri kidogo kwa adabu. "Ya mvivu," akamsaidia.

Bi Doa alikuwa ameshaacha matambara yakielea na anapanda ngazi mbili mbili. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini hawakusema jinsi nyani anavyokimbia siku akiliona. Alifika mapokezi akihema, akashika simu.

"Fundi. Kikombe kikiwa kikavu ni vibaya?"

"Kilikuwa kikavu, mama?"

"Kidogo."

"Siku ngapi?"

Bi Doa alifumba macho. "Ishirini."

Fundi hakumcheka, na kwa hilo Bi Doa alimsamehe kusema kwake polepole kote. "Kaza skrubu, mama. Unywele mmoja. Punguza chakula, kile kilichooza kifyonze kwa mpira wa maji, badilisha ndoo moja ya maji kila siku. Na ukishakaza, mikono mbali mpaka kesho."

Ili ajue unywele ni kiasi gani, aliazima rangi nyekundu ya kucha kwa dada wa mapokezi, akatia nukta moja kwenye skrubu na nyingine kwenye bomba mkabala wake. Kwa mara ya kwanza maishani Bi Doa akawa ametia doa mahali kwa hiari yake. Akageuza mpaka nukta zikapishana kwa upana wa uzi. Povu likatikisika, likapanda nusu kidole, likasimama. Akarudi nyuma, akaingiza mikono mifukoni mwa aproni.

Sasa ndipo mateso yalipoanza. Mwanamke ambaye hajawahi kuacha kitu bila kukigusa aliambiwa akae saa ishirini na nne akitazama. Mikono ilimwasha. Jumatano aliosha ngazi za ghorofa zote tatu, mara mbili, na vyumba vinne vya mawakili, kwa maji yaliyotoka meusi, huku yule bwana wa mluzi akimfuata nyuma akijifunza. Akarudi. Povu liko pale pale. Akakaza unywele wa pili. Alhamisi povu lilifika shingoni, likapaka utando wa kahawia kwenye kuta za ndani za ile plastiki nzuri, na Bi Doa alisimama mbele yake kitambaa mkononi.

"Usifute, Shangazi," alisema dada wa mapokezi kutoka kaunta. "Fundi kasema bomba lizoee."

"Sifuti."

"Weka kitambaa chini."

"Naweka."

Hakukiweka. Ilibidi dada aje amnyang'anye.

Ijumaa jioni kikombe kilikuwa na kijiko kimoja cha maji ya kahawia. Kijiko kimoja! Daktari alikuwa ameshaondoka, lakini Bi Doa aliwaita watu waliobaki kuja kukiona kama waalikwa wa kumwona kichanga. Mumewe alipita kumchukua, akachungulia, akasema kina sura ya upande wa mama. Lakini kijiko kimoja hakingeweza kuwazuia watu wa hoteli, na Bi Doa alijua hivyo. Akakaza unywele wa nne, akaenda nyumbani.

Jumamosi alifika saa kumi na mbili na robo, kabla ya mtu yeyote. Alisikia harufu toka mlangoni, akaharakisha. Kikombe kilikuwa kimejaa hadi nusu. Si maji ya chai tena. Ni uji, mzito, mweusi mweusi, na kifuniko kimepakwa matope kwa ndani. Akapiga magoti mbele ya kioo. Ng'ambo ya tangi, ukutani, palikuwa na tangazo la kuwahimiza watu wapige mswaki usiku pia, na kwa muda mrefu lilikuwa halisomeki kupitia maji. Sasa alisoma "mswaki" vizuri, na "usiku" kwa kukisia. Akaweka kidole kwenye kioo, akangoja. Mzee akatoka kwenye kona yake ya nyuma. Bado amepauka, bado mnyonge. Akaja mpaka nusu ya njia, akasimama, akamtazama. Halafu akaja nusu iliyobaki.

Watu wa hoteli walikuwa wawili, na walifika saa tatu kamili na ndoo nne zenye vifuniko na nyavu ndogo za mkononi. Chumba kilikuwa kimejaa. Wagonjwa saba, dada wa mapokezi, na Daktari aliyetoka na glavu bado mikononi.

"Samahani sana, Shangazi," alisema Daktari kwa upole. "Angalau kikombe tumekiweka kisafi mpaka mwisho."

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Angeweza kunyamaza. Jina lake lingebaki jeupe, na samaki wangeondoka ndani ya ndoo. Hakuna aliyejua kwamba kikavu cha siku ishirini kilitokana na mkono wake ila yeye na fundi, na fundi si mtu wa maneno mengi. Bi Doa akamtazama Mzee. Akakichomoa kikombe kutoka juu ya bomba, akafungua kifuniko, akakibeba kwa mikono miwili mpaka katikati ya chumba. Mgonjwa wa kwanza aliyenusa akajishika pua, wa pili akajishika tumbo.

"Huu ni uchafu wangu," alisema. "Mimi ndiye ninayelisafisha lile tangi, na huu ulikuwemo. Mashine ilitaka kuutoa, mimi nikailegeza. Siku ishirini nimekuonyesha kikombe kisafi kwa sababu nilikuwa siutoi, nimeuacha mle ndani nikawanywesha samaki. Samaki hawana kosa. Mashine haina kosa. Nimekaza Jumanne, na leo ndiyo hii. Na kesho utatoka mwingine, labda mbaya kuliko huu."

Hakuna aliyepumua, wengine kwa mshangao na wengine kwa harufu.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Daktari.

"Aibu, mwanangu."

Daktari akavua glavu. Akakichukua kikombe, akakisogeza puani kama mtu wa kazi, akanusa bila kukunja uso. "Ukoga," alisema. "Ule ule. Mdomo usiopigwa mswaki miezi sita unanuka hivi hivi." Akamtazama Bi Doa, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo. "Shangazi, kila siku nawatoa watu ukoga hapa, na kila mmoja ananiomba radhi kana kwamba kaniibia. Unajua huwa nawaambia nini?"

"Unawaambia wafungue mdomo zaidi."

Chumba kizima kikacheka, hata mmoja aliyevimba shavu, akaumia, akaendelea kucheka. Daktari alicheka mpaka ikabidi akae. Kisha akawaambia watu wa hoteli wamsamehe kwa usumbufu. Samaki hawaendi popote.

Bi Doa alilia. Machozi yalikuwa ya furaha, ingawa harufu nayo ilichangia. Yule mkubwa wa watu wa hoteli hakuonekana kukasirika. Aliweka ndoo zake chini, akasogea, akachungulia kikombe kwa mshangao wa kweli.

"Hii ndiyo kazi yake?" aliuliza. "Sisi pale hotelini tunayo kama hii, kubwa zaidi. Yetu haijawahi kutoa kitu cha ajabu namna hii."

"Haitoi kitu?" aliuliza Bi Doa.

"Hata tone, mama. Kikombe kinang'aa mwaka mzima. Meneja anakionyesha kwa wageni."

Bi Doa alizitazama zile ndoo nne, akaelewa samaki wake walikuwa wanapelekwa wapi. Kisha huruma ikamshika. Akafuta macho, akamvutia yule bwana kiti.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema. "Hebu niambie ukweli. Hiyo skrubu mmeilegeza mara ngapi?"